Tiketi Moja, Maili Sehemu Mbili: Namna ya Kuzigawa Bila Kuzipoteza

Swali hili limekuja mara nyingi, na kila anayeuliza ana tiketi yake mkononi. Mmoja anatoka Nairobi kwenda Minneapolis: KLM hadi Amsterdam, kisha Delta. Mwingine anaondoka Dar es Salaam na Ethiopian kupitia Addis Ababa hadi Washington, halafu anamalizia na United. Tiketi ni moja na malipo yamefanywa mara moja, lakini ndege ni za mashirika mawili. Wote wanataka kujua kama maili zote lazima ziingie kwenye akaunti moja, au kila ndege inaweza kupelekwa kwenye mpango wake.

Inaweza. Tiketi ya ndege ni mkusanyiko wa kuponi, kuponi moja kwa kila kipande cha safari, na maili huhesabiwa kwa kipande. Kisichowezekana ni kukigawa kipande kimoja, au kukidai kipande hichohicho kwenye mipango miwili. Nje ya hapo uko huru, na hulipi kitu.

Shida haiko kwenye kanuni. Iko kaunta, na iko kwenye kompyuta ambazo zikishapata namba yako moja huiweka kila mahali. Kwa hiyo makala haya yatakaa zaidi huko.

Kwanza, je, una sababu?

Niseme wazi: wasafiri wengi wanaouliza swali hili hawahitaji kugawa chochote. Anayesafiri mara moja kwa mwaka kwenda kuona watoto au kuuguza mzazi atafaidika zaidi akirundika maili zote sehemu moja mpaka zifikie tiketi ya bure. Maili 3,000 huku na 2,000 kule hazikununulii kitu.

Sababu za kweli ni hizi:

- Mpango wako haulipi herufi yako. Tiketi za bei rahisi huwa na herufi ya daraja ambayo mpango mmoja unailipa na mwingine hauilipi kabisa. Kama mpango wako unakupa sifuri kwa kipande fulani, kipeleke kwingine.
- Umebakiza kidogo kupanda ngazi ya uanachama. Hapa ndipo kugawa kunalipa zaidi, na mfano unakuja chini.
- Maili zako za zamani zinakaribia kufutika. Flying Blue ya Air France na KLM hufuta maili za mwanachama wa ngazi ya chini akikaa miezi 24 bila safari inayohesabika. Kipande kimoja tu kinaweza kuziokoa. Maili za Delta na United hazina tarehe ya kufa, kwa hiyo usizikimbilie.
- Mashirika mawili kwenye tiketi yako hayashirikiani. Hapo huna hiari: kila kipande kina kwao.

Mfano wa ngazi. Flying Blue huhesabu ngazi kwa pointi za XP. Kipande cha daraja la kawaida chenye urefu wa kati ya maili 3,500 na 5,000 kinaleta XP 10, na Nairobi–Amsterdam kimo humo, kwa kuwa ni zaidi kidogo ya maili 4,100. Ngazi ya Gold inataka XP 180. Mtu aliyefikisha 170 anahitaji kipande kimoja tu cha KLM. Akishafika, vipande vya Delta anaweza kuvipeleka kwenye akaunti yake ya SkyMiles, mpango wa Delta, bila kuharibu lolote. Lakini asisahau kwamba XP zinazozidi hapo huhamia mwaka unaofuata. Kama mwakani atasafiri tena sana, huenda ni afadhali aziache zote zibaki Flying Blue. Piga hesabu ya miaka miwili, usiishie ya safari moja.

Ijue familia ya kila shirika

Kipande kinaweza kwenda tu kwenye mpango wa shirika lililokirusha au wa mwenza wake. Kwa mashirika yanayotumiwa sana na watu wetu:

- SkyTeam: Kenya Airways (tangu 2010), KLM, Air France, Delta, Saudia, na Virgin Atlantic (tangu 2023).
- Star Alliance: Ethiopian (tangu 2011), Turkish, EgyptAir, Lufthansa, Brussels Airlines, United.
- oneworld: Qatar Airways (tangu 2013), British Airways, na Oman Air iliyoingia 2025. Ndugu wa Zanzibar na Muscat, ushauri mliopewa kabla ya hapo kuhusu maili za Oman Air umepitwa na wakati.
- Nje ya miungano yote mitatu: Emirates na RwandAir. Hawa hutegemea makubaliano ya shirika kwa shirika, kama yale ya RwandAir na Qatar. Usidhani, uliza.

Jambo jingine linalowapotosha wasafiri wa Kenya Airways: zamani shirika hilo lilitumia Flying Blue, sasa lina mpango wake, Asante Rewards. Namba yako ya zamani ya Flying Blue bado ni ya Flying Blue. Ukiiandika kwenye nafasi ya KQ (Kenya Airways) haitatambulika. Ichague kama namba ya AF (Air France) au KL (KLM).

Isome tiketi kabla ya kugusa chochote

Fungua barua pepe ya tiketi. Acha ratiba ya rangi iliyo juu, shuka mpaka kwenye maandishi madogo. Unatafuta vitu vinne.

*Namba ya tiketi.* Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 074 KLM, 057 Air France, 157 Qatar, 176 Emirates, 235 Turkish, 006 Delta, 016 United. Wengi huona ni mapambo tu, kumbe tarakimu hizo zinaweza kubadili hesabu yote. Delta, kwa mfano, hutoa maili kwa dola ulizolipa kama tiketi inaanza na 006. Kama umeruka na mwenza wao kwa tiketi ya shirika jingine, wanaangalia umbali na herufi. Safari ileile, kiti kilekile, matokeo mawili.

*Herufi ya daraja.* Ni herufi moja kwa kila kipande: Y, M, K, Q, na kadhalika. Haimaanishi "daraja la kawaida" au "biashara" tu. Ndani ya daraja la kawaida mna herufi nyingi. Nairobi–Amsterdam kwa herufi inayolipa asilimia 100 ya umbali inaleta maili zaidi ya 4,100. Kwa inayolipa asilimia 25, kama 1,000 tu. Na kila mpango una jedwali lake: herufi inayolipwa vizuri na mpango mmoja inaweza kuwa haina kitu kwenye mwingine.

*Anayeirusha ndege.* Namba ya ndege inaweza kuanza na KL huku chini yake pameandikwa kwamba ndege ni ya Delta. Majedwali mengi huanza na shirika linaloirusha, mengine hutaka pia kujua nani ameiuza. Angalia yote mawili. Kipande kifupi cha ndani ndicho hatari zaidi: kinauzwa kwa namba ya shirika kubwa, lakini ndege ni ya shirika dogo lisilo kwenye muungano wowote.

*Jina.* Linganisha jina la tiketi, la pasipoti, na la kila akaunti ya maili. Sisi wenye jina la baba na la babu tunaumia hapa. Akaunti moja ilifunguliwa kwa majina mawili, nyingine kwa matatu, tiketi imegeuza la mwisho likawa la kwanza, na kompyuta inakataa kimyakimya. Sahihisha akaunti kabla ya safari.

Ukishapata vitu hivyo, fungua jedwali la kila mpango unaoufikiria na uandike kwenye karatasi: kipande, herufi, mpango huu unatoa ngapi, ule ngapi. Kwa safari ya vipande vinne ni kazi ya nusu saa. Usianze bila karatasi hiyo.

Namna namba inavyojinakili

Kwenye kumbukumbu ya safari, namba ya maili huandikwa kwa kila kipande peke yake. Mfumo una uwezo wa kuweka namba ya Flying Blue kwenye kipande cha kwanza na ya SkyMiles kwenye cha pili. Lakini tovuti nyingi za mashirika zina nafasi moja tu ya kuandika, na kinachoandikwa hapo husambazwa kwenye kila kipande kinachoweza kukipokea.

Kuna mitego mitatu ya aina hii:

- Ukinunua tiketi ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, namba inajaa yenyewe, na mara nyingine tovuti haikuruhusu kuifuta.
- Ukiifungua safari kwenye programu ya simu ya shirika, inaweza kuirudisha namba uliyoifuta jana.
- Ukifanya cheki-in uwanja wa kwanza hadi mwisho wa safari, pasi zote huchapwa na namba ileile.

Hatua kwa hatua

1. *Unaponunua*, weka namba ya mpango utakaopokea kipande cha kwanza. Kama unanunua kwa wakala, mpe karatasi yako na umwombe aweke namba kipande kwa kipande. Wakala mzoefu anaweza kufanya hivyo kwa dakika chache, na ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

2. *Siku mbili tatu kabla ya safari*, chukua namba ya kumbukumbu ya kila shirika. Safari ya mashirika mawili mara nyingi ina namba mbili tofauti za herufi na tarakimu sita. Ukiwa na ile ya Delta, ingia tovuti ya Delta, angalia namba gani ya maili imekaa kwenye kipande chao, na uibadilishe hapo. Kubadilisha kwenye tovuti ya shirika linaloirusha ndege kunashika kuliko kwingine.

3. *Kaunta ya cheki-in*, sema mapema, kabla pasi hazijachapwa. Usitoe hotuba kuhusu mipango ya maili. Sema hivi: "Naomba kipande cha kwanza kiwe na namba hii, na cha pili kiwe na hii." Mpe namba zikiwa zimeandikwa, pamoja na herufi mbili za shirika mbele ya kila moja.

4. *Soma pasi kabla ya kuondoka kaunta.* Karibu na jina lako utaona herufi mbili na namba: AF, DL, ET, UA. Kama pasi ya pili ina herufi za mpango wa kwanza, rudisha hapohapo.

5. *Ikishindikana*, usigombane. Mhudumu wa Nairobi anaweza kukosa ruhusa ya kugusa kipande cha Delta. Ukifika Schiphol, uwanja wa Amsterdam, nenda kaunta ya uhamisho au langoni, uombe namba ibadilishwe na pasi ichapwe upya. Fika mapema, abiria wakishaanza kupanda, hakuna atakayekusikiliza.

6. *Kipande kikishapita*, subiri kionekane kwenye akaunti. Ndege za shirika lenyewe huonekana ndani ya siku chache. Za wenza zinaweza kuchukua wiki.

Fanya vivyo hivyo wakati wa kurudi. Usidhani mabadiliko ya kwenda yamegusa vipande vya kurudi.

Njia ya pili: kutoweka namba kabisa

Wapo wanaofuta namba zote, wanasafiri bila namba, kisha wanadai maili baadaye, kila kipande kwenye mpango wake. Kwa asiye na ngazi yoyote, mimi naiona ndiyo njia salama zaidi, kwa kuwa kisichoandikwa hakiwezi kwenda kusikotakiwa.

Ila ina masharti. Lazima uwe na akaunti zote kabla ya safari, maana mipango mingi haipokei ndege ya kabla hujajiunga. Lazima utunze pasi zote. Za simu hupotea kwenye programu baada ya safari, kwa hiyo zipige picha ya skrini. Na lazima udai kwa wakati: mipango mingi inatoa miezi 6.

Mwenye kadi ya dhahabu, simama hapa

Kama una ngazi ya juu, namba iliyo kwenye safari haileti maili tu. Ndiyo inayokupa begi la ziada, foleni fupi na launji. Star Alliance Gold, kwa mfano, ana kilo 20 za ziada pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja la ziada pale inapohesabiwa kwa idadi. Kwa anayerudi nyumbani na zawadi za ukoo mzima, hilo lina thamani kuliko maili za kipande chochote.

Basi fuata mpangilio huu:

- Acha namba ya ngazi ibaki kwenye vipande vyote mpaka mabegi yamepimwa na kubandikwa lebo.
- Mabegi yakishakwenda, omba kipande cha pili kibadilishwe. Lebo ya begi haihusiani na namba ya maili; halitashushwa kwa sababu hiyo.
- Kama kuna mahali katikati ambapo utachukua mabegi na kuyakabidhi tena, kama wanavyofanya wanaoingia Marekani, uwe tayari kuonyesha kadi yako ya ngazi.
- Ukitumia kadi kuingia launji, angalia mhudumu asiiingize namba ya kadi badala ya ile uliyoiweka. Huwa anadhani anakusaidia. Ukitoka, mwombe mhudumu wa lango akusomee namba iliyopo.

Na ukiona huwezi kupata vyote viwili, chagua begi. Maili chache hazilipi gharama ya mzigo uliozidi.

Makosa yanayorudiwa zaidi

- Kudai kipande kimoja kwenye mipango miwili "kuona upi utajibu kwanza". Ni kinyume cha masharti ya mipango yote, na maili zako zinaweza kufutwa, hata akaunti kufungwa.
- Kuweka namba ya baba kwenye tiketi ya mtoto. Maili hufuata anayeruka, hata kama wewe ndiye uliyelipa. Mfungulie mtoto akaunti yake.
- Kutarajia maili kutoka tiketi iliyonunuliwa kwa maili. Kwa kawaida haileti kitu.
- Kufuata jedwali lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Majedwali hubadilika, soma lililo kwenye tovuti ya mpango wiki unayonunua.
- Kugawa Avios (ndizo maili) za Qatar na British Airways kwa hofu ya kuzichanganya. Avios za mipango hiyo miwili zinaweza kuhamishwa moja kwa moja, Avios kwa Avios, ukiziunganisha akaunti. Hapo angalia tu upi unakupa zaidi na upi unakusogeza kwenye ngazi.

Mashaka mnayoniandikia

*"Nikibadilisha namba, tiketi yangu haitaharibika?"* Hapana. Namba ya maili haimo kwenye bei. Kiti ulichopewa bure kwa ajili ya ngazi yako ndicho kinaweza kurudishwa, kwa hiyo kiangalie baada ya mabadiliko.

*"Wakala anasema haiwezekani."* Mara nyingi anamaanisha kwamba ukurasa anaoutumia una nafasi moja. Mwombe kwa upole ajaribu kuweka kwa kila kipande. Akishindwa, mwache, kazi hiyo utaifanya kwenye tovuti ya shirika au kaunta.

*"Kampuni ndiyo imenilipia."* Kwa mipango ya kawaida maili ni za anayeruka. Soma tu kanuni za mwajiri wako, maana baadhi ya ofisi zina masharti yao.

*"Tayari zimeingia kwenye mpango usio sahihi."* Hapa habari si nzuri. Kipande kikishalipwa na mpango mmoja, mara nyingi hakihamishwi. Andika barua siku hiyohiyo, mapema kabla hujatumia hata maili moja ya kipande hicho, ukiomba kiondolewe. Wapo wanaokubali, wengi wanakataa. Ndiyo maana nimesisitiza kusoma pasi kaunta.

Maili zisipoonekana

Subiri kwanza muda ambao mpango wenyewe umeuweka kwa ndege za wenza. Kisha jaza fomu ya kudai kwenye tovuti ya mpango, kipande kwa kipande, na uambatanishe picha ya pasi. Wakikataa, uliza sababu kwa maandishi: ni jina, ni herufi, au ni kipande kilichokwisha kulipwa kwingine? Jina linarekebishika. Herufi isiyolipa hairekebishiki, na hapo bado una nafasi ya kukidai kipande hicho kwenye mpango mwingine wa muungano uleule, mradi muda haujapita na ulikuwa na akaunti.

Unaponunua tiketi yako inayofuata, kabla hujafunga ukurasa, andika pembeni ile namba ya tarakimu 13 na herufi ya daraja ya kila kipande. Hivyo ndivyo vitu vya kwanza utakavyoulizwa na kila mpango utakaoudai.